Mwaka Niliomkemea Mwinjilisti Zakayo

Mwezi uliopita tulimzika Mwinjilisti Zakayo huko Makere, kando ya mkewe Marita. Mwili uliletwa kutoka Kibondo, alikokuwa akiishi na binti yake Perusi tangu miguu ilipomwishia nguvu, na mimi nilipanda gari lile lile lililobeba jeneza, kwa sababu Perusi alisema baba yake aliacha neno kwamba mahubiri ya maziko niyafanye mimi. Hakusema kwa nini, nami sikuuliza. Nimehubiri maziko mengi katika maisha yangu ya uchungaji. Najua mahali pa kupandisha sauti, na mahali pa kunyamaza ili kina mama waanzishe pambio. Siku ile nilisoma fungu fupi, nikasema marehemu alikuwa mtu mpole, nikaketi. Watu walidhani nimezidiwa na uchungu. Kweli nilikuwa na uchungu, ila haukuwa ule waliodhani.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili mwaka nilioishi nyumbani kwao. Nilikuwa nimemaliza kozi ya uinjilisti pale Kasulu, na utaratibu wetu ulikuwa kila kijana akae mwaka mmoja chini ya mwinjilisti mzee kabla hajapewa mtaa wake mwenyewe. Nikapangiwa Makere. Chumba changu kilikuwa cha kushoto ukiingia sebuleni: kitanda cha miti, msumari wa kutundikia koti, na dirisha dogo la ubao lililotazama jikoni. Jiko lilikuwa banda la udongo nje, hatua nne tu kutoka dirishani, kwa hiyo kila harufu ya mawese yaliyopata moto na kila neno lililosemwa pale lilinifikia nikiwa nimejilaza. Marita alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyeamini kwamba mtu aliyesoma Neno lazima ana njaa. Alinipa ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, na siku kaka yake Bukuru alipopita akitoka Kigoma tulikula migebuka mikavu mpaka mfupa. Baada ya sala ya chakula Zakayo alikuwa na desturi moja iliyochekwa na wanaume wa Makere. Alikata kipande cha kwanza cha samaki, kile kinono cha tumboni, akamwekea mkewe kiganjani. Marita alikipokea bila kumtazama, huku akiendelea kuongea, kama mtu aliyepokea hivyo miaka yote ya ndoa. Ndivyo ilivyokuwa.

Mimi nilimpenda yule mzee lakini nilimwona mlegevu. Kulikuwa na Mkristo mmoja pale kijijini aliyerudia pombe ya ndizi, tena aliinywa hadharani siku ya gulio, na wazee wa kanisa wakamtuma Zakayo akamwonye. Nilifuatana naye nikiwa na Biblia kwapani, nimeshapanga mafungu. Tulimkuta yule bwana shambani anapalilia. Zakayo akasalimu, akaomba jembe, akaanza kulima mstari wa pili. Tulilima mpaka jua likasimama utosini. Walizungumza habari za panya wanaokula mbegu na za mbuzi wa jirani. Tukanywa maji, tukaaga. Njiani nikamuuliza, "Mwinjilisti, mbona hukumwambia kitu?"

"Tumelima," alinijibu. "Kesho nitarudi."

"Na kesho utamwambia?"

"Kesho ataanza yeye kuniambia. Akiona nimerudi bila fimbo, ataanza mwenyewe."

Ilichukua siku nne. Yule bwana alirudi kanisani, na mpaka leo wajukuu zake ni watu wa kanisa. Mimi nilihesabu zile siku nne kama siku nne za woga. Nilikuwa mtoto wa uamsho, na sisi watu wa uamsho tulikuwa na desturi ya kuwekana nuruni: mwenye dhambi husimama mbele ya ndugu na kuitaja kwa jina lake. Nilifikiri nuru ni jambo la kupigwa usoni.

Masika yalipoanza Marita aliumwa tumbo. Mwanzoni alisema ni minyoo, akacheka. Baadaye tumbo likavimba na mikono ikakonda, ile mikono minene iliyokuwa ikisonga ugali wa watu kumi. Zakayo alimpeleka Kasulu hospitalini, wakakaa huko siku tisa. Waliporudi mzee aliniita nyuma ya nyumba akaniambia madaktari wamesema ugonjwa umekwisha kuenea, wamempa vidonge vya kutuliza maumivu, amrudishe nyumbani. Alilisema hilo akitazama kuta za choo, si mimi. Kisha akasema, "Hayo usimwambie. Yeye anajua anatibiwa." Basi tukaishi hivyo, watu watatu, mmoja wetu akifanya mipango ya kupanda viazi vya mwaka unaofuata.

Haukupita mwezi Zakayo akaanza kutoka kila Alhamisi na baiskeli, akielekea upande wa Mtabila, ambako wakati ule bado kulikuwa na kambi ya wakimbizi. Aliaga kwamba anakwenda kutembelea waumini. Alirudi jioni na chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la hindi, ndani yake maji ya rangi ya kahawia. Alimpa Marita vijiko viwili asubuhi na viwili jioni, kwa mkono wake. Marita alikunja uso, akameza, akasema Mungu awabariki madaktari. Alhamisi ya tatu Bukuru alikuja, na mimi nilikuwa kitandani nasoma. Niliwasikia wamekaa jikoni, Bukuru akisema, "Mfumu kasema chupa ya ngapi ndiyo ya mwisho?" Mfumu ndivyo tunavyomwita mganga wa jadi kwa Kiha. Nikaketi. Zakayo akajibu, "Ya nne. Kasema ya nne ndiyo inayovunja." Bukuru akaanza kusema jambo jingine, sauti chini, na hapo mvua ikashika bati. Mvua ya kwetu ikishika bati hata sala yako mwenyewe huisikii. Kilichobaki hakikunifikia. Ningeweza kutoka, hatua nne tu, nikaketi nao kwenye moto na kuuliza. Nilibaki chumbani na hasira takatifu, na ninakiri leo kwamba ndani ya ile hasira mlikuwa na furaha. Mzee aliyenifundisha kulima na wenye dhambi alikuwa ameshikwa.

Juma lile nilikwenda Kasulu kwenye semina ya vijana. Mwalimu mgeni alifundisha siku nzima juu ya chachu ndani ya donge, na kila aliposema neno chachu niliona gunzi la hindi. Jumapili nikawa nimerudi. Wakati wa ushuhuda nilisimama. Nakumbuka kanisa lilivyokuwa: sakafu iliyosuguliwa kwa samadi, wanaume kulia, kina mama kushoto, Marita kwenye mkeka ukutani kwa sababu hakuweza tena kukaa kwenye benchi. Nilisema ninaumia kusema, lakini mtumishi wetu, anayesimama hapa kila Jumapili na kutuambia tumtegemee Imana, Mungu wetu, peke yake, anakwenda kwa mfumu kila Alhamisi, na dawa za mfumu zimo ndani ya nyumba anamolala. Nilisema kwa sauti nzuri. Niliifanyia mazoezi njiani.

Zakayo alisimama. Hakukana wala hakunitazama. Alisema, "Ni kweli, ndugu zangu," akawa kama anatafuta neno la pili, na kabla hajalipata sauti ya Marita ikatoka upande wa kina mama. Aliuliza kwa Kiha, polepole, kama mtu anayeuliza njia:

"Zakayo. Ile chupa?"

Hapo ndipo nilipojua. Kanisa zima lilijua papo hapo. Alikuwa amemwambia ni dawa ya zahanati ya Kibondo, kwamba Perusi ndiye anayeituma kwa gari la mizigo. Marita, aliyewahi kuchoma hirizi za mama yake mzazi mbele ya watu alipookoka, alikuwa amemeza dawa ya mfumu kwa majuma matatu na kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Zakayo alijibu, "Ndiyo, Marita." Mtu mmoja akaanzisha pambio la toba, ngoma ikafuata, kwa sababu watu hawakujua la kufanya na ule ukimya. Wanawake wawili walimtoa nje. Kupitia mlangoni nilimwona ameinama kwenye ua wa minyaa, amejitia vidole kooni, na hakuna kilichotoka.

Wazee walikutana alasiri hiyo hiyo, Zakayo akavuliwa huduma na kutengwa na ushirika. Mimi niliambiwa niongoze ibada mpaka atakapopatikana mwingine. Watu walinishika mkono. Mzee mmoja aliniita simba. Niliporudi nyumbani jioni nilikuta Zakayo amekaa kwenye kizingiti cha jiko na Marita amelala ndani, mlango wazi. Nilisema nitahama. Marita alinisikia, akaniita. "Utakwenda wapi?" alisema. "Ukiondoka nani atanipa maji?" Nikasema, Mama, Mwinjilisti yupo. Akageuka ukutani. "Sipokei kitu mkononi mwake. Wewe hudanganyi."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa muuguzi wake. Vidonge vya hospitali, maji, uji, vyote vilipita mikononi mwangu. Mumewe alisimama mlangoni akitazama, na akisogea hata hatua moja Marita alifumba mdomo kama mtoto. Hakumtukana. Siku moja alimwambia, mimi nikiwepo, "Nimekusamehe, Zakayo. Nimesema mbele za Mungu. Lakini koo linakataa." Zakayo akasema, "Basi, Mama Perusi, basi," akatoka. Nilimwona dirishani amekaa jikoni na bakuli tupu mapajani.

Shida ilikuwa uji. Mama Nyandwi, jirani yetu mjane, alikuja kupika siku mbili za kwanza, kisha akaingiwa na shughuli za shamba. Mimi nilikuwa sijui kupika. Nilichopika Marita alikitema. Siku ya nne Zakayo aliniita jikoni. Alikuwa ameshakoroga uji wa ulezi, laini, umechujwa kwa kitambaa, una maziwa kidogo. Akanipa kikombe kwa mikono miwili.

"Mpelekee," alisema. "Akikuuliza, sema ni wa Mama Nyandwi."

"Mwinjilisti, huo ni uongo."

"Ni uongo," alikubali. "Lakini tangu jana hajala."

Nilisimama pale na kikombe kinachoma vidole. Kisha nikaingia ndani, na Marita alipouliza nani kapika, nikasema, "Mama Nyandwi." Lilitoka jepesi. Nilirudia siku iliyofuata, na iliyofuata. Jumapili nilisimama pale mbele nikahubiri juu ya ukweli, wakati aliyetengwa kwa kumdanganya mkewe ili apone amekaa benchi la mwisho karibu na mlango, na mimi niliyekuwa namdanganya yule yule mkewe ili ale nimevaa koti lake la huduma, maana langu lilikuwa limechanika. Mle kanisani tulikuwa wawili tu tuliolijua hilo, naye hakufumbua mdomo. Angeweza kusimama. Desturi ilimruhusu.

Siku ya kumi au ya kumi na moja, asubuhi ya ukungu, Marita alikunywa mafunda mawili akakishusha kikombe. Akanitazama kwa macho ambayo wakati ule yalikuwa yamebaki makubwa kuliko uso. "Amosi," alisema, "huyu Mama Nyandwi namjua tangu ujana. Uji wake una mabonge. Hajawahi kupika uji laini hivi."

Yeye alitazama dirishani, kule moshi wa jiko ulikokuwa ukipita. Halafu akainua kikombe kwa mikono yake miwili, akanywa mpaka mwisho, akafuta ndani kwa kidole, akakilamba kidole. "Kirudishe," akasema. "Mwambie aliyepika, ahsante."

Nilikirudisha. Zakayo alikuwa amechuchumaa anapuliza moto. Aliona kikombe kitupu, akauliza, "Kaumaliza?" Nikasema ndiyo. Nilitaka kusema lile lingine. Lilikuwa mdomoni. Lakini kulisema ilikuwa kusema kwamba nimeshikwa, kwamba yule asiyedanganya ameonekana, na nikafikiri nitalisema jioni. Jioni Marita alizidiwa, hakufahamu tena mtu, na kesho yake kabla ya adhuhuri akafariki, mimi nimeshika kijiko, Zakayo nje amekwenda kuomba chandarua kwa jirani kwa sababu nzi walikuwa wengi.

Maziko yalipita. Perusi alifika kutoka Kibondo amechelewa, barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, akalia juu ya udongo wa kaburi lililokwisha kufukiwa. Mimi nilimaliza mwaka wangu. Wazee waliandika barua nzuri kwa viongozi wa Kasulu, kwamba kijana huyu haogopi sura ya mtu, na kwa barua ile nikapata nafasi ya kwenda chuo cha uchungaji. Asubuhi ya kuondoka Zakayo alikataa nibebe sanduku langu. Alilibeba yeye kichwani mpaka barabarani, tukasimama kungoja lori. Yalipita magari ya misaada yakielekea kambini, yakatufunika vumbi. Kisha akasema, bila ukali, kama alivyokuwa akinionyesha jinsi ya kushika jembe:

"Yale uliyosema kanisani yalikuwa kweli, Amosi. Sijawahi kukulaumu kwa hilo. Lakini ungekuja kwangu kwanza. Ungenipa hata siku moja, nimwambie mwenyewe. Mbele ya wazee ningesimama baadaye, hilo halikunitisha. Ila yeye alipaswa kulisikia kwangu."

Nilisema, "Nisamehe, Mwinjilisti." Alitikisa kichwa kuonyesha yamekwisha. Lori lilikuwa limeonekana mlimani. Akauliza, akilitazama lori, "Mwishoni hakuniachia neno? Hata moja?"

Nimeishi na jibu langu miaka zaidi ya thelathini. Nilisema, "Alikuwa amechoka sana, Mwinjilisti."

"Ee," akasema. "Alichoka." Akanisaidia kupandisha sanduku.

Baadaye wazee walimrudishia ushirika, wakamrudishia hata huduma, lakini hakupanda tena mimbarini. Alifagia kanisa, alichota maji ya ubatizo, alikwenda kulima na watu waliopotea. Nilipohamishiwa Kibondo naye akawa kwa Perusi, nilimtembelea mara nyingi. Tulikaa barazani tukinywa chai, tukaongea bei ya maharage na wachungaji vijana. Kila nilipokwenda nilikwenda nimeazimia, na kila mara nikaona ameshatulia, kwa nini nifukue. Nilijiambia huo ndio upole. Mtu anaweza kuupa woga wake jina lolote analotaka.

Baada ya maziko, watu wakiwa nje wanakula, nilimwomba Perusi tuzungumze. Tuliingia katika ile ile nyumba, sebuleni. Akaketi mkekani, khanga kiunoni, mimi kwenye kigoda. Nilimweleza yote, uji na uongo, mabonge, kikombe kilichofutwa kwa kidole, ile ahsante, na swali la barabarani. Hakuinua uso mpaka nilipomaliza.

"Kwa hiyo mama alijua ni baba," alisema.

"Alijua."

"Na akanywa."

"Aliumaliza. Akasema nimwambie ahsante."

Nje watu walikuwa wanacheka kwa sauti ya chini, kama wanavyocheka watu wa msibani wakishashiba. Mlango ulikuwa wazi na baadhi ya wazee wa kanisa walikuwa wameketi karibu, ungeweza kuona viatu vyao. Nilingoja Perusi apige kelele. Nilikuwa tayari, nadhani hata nilikuwa nalitaka hilo, niwekwe nuruni mbele ya wote. Perusi akainuka taratibu, akishika goti, akaenda akafunga mlango, akahakikisha komeo limeingia. Akarudi akaketi, safari hii karibu yangu zaidi, na akasema kwa sauti ambayo mtu wa nje asingeisikia:

"Ile ahsante ilikuwa ya baba, kaka Amosi. Haikuwa yako kuiweka."

Nikasema, "Najua."

"Alikuwa ananiuliza mimi. Mimi ambaye sikuwepo. Akiumwa homa aliniuliza, mama yako alisema nini. Nikamwambia, baba, mimi nilikuta udongo."

Alilia hapo, kidogo, akaifuta pua kwa pindo la khanga. Mimi sikuweza hata kulia. Alikaa nami mpaka aliponiona ninapumua vizuri. Kisha akasema wageni wa Kibondo hawajapata chai, akafungua mlango, akatoka, na nikamsikia akiwaambia watu wasiingie kwanza, Mchungaji anapumzika.